Mshairi Aliyetukanwa Igalula

Kitabu nilikikuta chini ya ngazi za maktaba ya chuo, ndani ya boksi lililoandikwa kwa kalamu nene: VYA KUTUPWA. Nilikuwa mwaka wa tatu, na sijawahi kupenda kuambiwa na boksi kitu gani hakina maana, kwa hiyo nilichuchumaa nikaanza kupekua. Kwa sehemu kubwa boksi lilikuwa na haki. Kulikuwa na mwongozo wa kutengeneza trekta ambalo sidhani kama lipo tena duniani, na ramani za nchi zilizokwisha kubadili majina. Katikati ya hivyo nikakuta kijitabu chembamba cha mashairi, jalada la kijani lililopauka, cha mwanamke Mmarekani ambaye sikuwahi kumsikia. Mhadhiri wangu naye hakuwahi kumsikia. Baadaye niligundua kwamba hata Wamarekani, karibu wote, hawakuwahi kumsikia.

Ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na kadi ya kuazimia ya maktaba ya mji mdogo wa huko kwao. Kadi ilikuwa na mihuri mitatu. Watu watatu waliwahi kukiazima, au mtu mmoja alikiazima mara tatu, huwezi kujua. Baada ya hapo kitabu kilivuka bahari kikaja kulala chini ya ngazi zetu.

Nikaamua kuandika tasnifu yangu juu yake. Kwenye jopo mhadhiri mmoja aliniuliza, "Kwa nini huyu, wakati wapo wakubwa?" Nikamuuliza nani aliwapima urefu. Walicheka, wakanipitisha, nadhani ili niondoke.

Nilichokuwa najua kumhusu kilitosha ukurasa mmoja. Alizaliwa kwenye shamba la mahindi, katika nchi tambarare iliyo mbali na bahari zote mbili. Baba yake alikuwa mkulima aliyeshindwa na ukame. Yeye alihamia mjini akiwa msichana, akapata kazi kwenye ofisi ya simu, zile za zamani, ambapo ulimwomba mtu akuunganishe na yeye akachomeka waya kwenye tundu lako. Alikaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka ishirini, vita vikubwa vikaisha yeye yupo, mitambo ikabadilika yeye yupo. Mashairi aliandika wakati wa chakula cha mchana. Alitoa vitabu viwili. Hakuolewa, hakuzaa. Kisha akanyamaza, na mtandao nao ukanyamaza juu yake. Nilipata picha moja tu, ya wanawake sita mbele ya mtambo wa simu, bila majina. Nilichagua mmoja aliyekuwa akitazama pembeni nikasema ni huyu. Haikuwa utafiti, na ninakiri.

Nilirudi Tabora na shahada, begi moja na kitabu cha kijani. Asubuhi nilifundisha watoto wa jirani Kiingereza cha mtihani, mchana nilituma barua za kuomba kazi, na jioni mama aliniuliza kwa upole kama kuna aliyejibu. Msimu wa mavuno ulipofika aliniambia niende kwa shangazi nikasaidie kupukuchua mahindi. "Ukakae na watu," alisema, kana kwamba yeye hakuwa mtu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi kijijini upande wa Igalula, mwendo wa baiskeli kutoka stesheni. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Yeye ni manju, yaani ndiye anayetunga nyimbo za ngoma ya kijiji na kuziongoza uwanjani, mkononi ameshika usinga wa mkia wa ng'ombe. Usinga huo aliurithi kwa mama yake. Kila mwaka baada ya mavuno, kijiji chao na kijiji cha ng'ambo ya reli hushindana. Ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, hatua kama hamsini zikizitenganisha, na hakuna majaji. Watazamaji wenyewe ndio majaji: wanatembea wanakotaka. Jua likigusa paa la ghala la tumbaku, upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Kila mwaka kuna ugomvi wa nusu saa kama jua limegusa au halijagusa.

Nilipofika nilimsalimu shikamoo, akaniitikia marahaba, na kabla sijatua begi akaniambia habari kubwa.

"Nimeshindwa mara tatu mfululizo," alisema. "Nikasimama mbele ya mkutano wa kijiji, kinywa changu mwenyewe kikasema: nikishindwa ya nne, usinga nauweka chini."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Kwa sababu nilikuwa na hasira. Wewe huwa unasema kwa sababu gani?"

Vijana wa kikundi walikuwa wamekwisha kujipanga. Walitaka spika kubwa na nyimbo za Dar es Salaam zinazochezwa kwenye simu, na kijana mmoja mpole mwenye kofia alikuwa anasubiri, kwa adabu zote, shangazi ashindwe. Alikuwa akimletea maji na kumuuliza hali ya magoti.

"Ananipenda sana yule," shangazi alisema. "Anapenda nikapumzike."

Zilibaki wiki tatu, na hakuwa na wimbo. Nyimbo zake za zamani kijiji cha ng'ambo walizijua kuliko yeye, na majibu walikwisha kuyatunga. Huko ng'ambo manju ni mzee mmoja, fundi cherehani, mrefu, mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Mwaka uliotangulia shangazi alimwimbia kwamba suruali anazoshona mguu mmoja unakwenda Tabora na mwingine unakwenda Nzega. Watu walicheka. Naye akajibu kwamba hata mguu wa Nzega utafika kabla shangazi hajamaliza ubeti. Watu wakahama.

Tulipukuchua uani, tumekaa juu ya magunia, kila mmoja na gunzi mkononi akilisugua kwenye lingine. Punje zilirukia kuku. Siku ya pili, kwa uchovu wa kukaa kimya, nilimwambia shangazi kwamba kuna mwanamke wa Marekani aliyeandika shairi juu ya kazi hii hii tunayoifanya.

"Ya kupukuchua?"

"Ya kupukuchua."

"Kwa mkono au kwa mashine?"

"Kwa mkono. Na mama yake."

"Hebu."

Nikaleta kitabu. Nilimtafsiria mstari kwa mstari, nikikwama, nikirudi. Shairi ni fupi. Mama na binti wamekaa kwenye sakafu ya jikoni, nje ni baridi, punje zinakimbia huku na huko. Linaishia hivi, kwa Kiswahili nilichokipata siku ile:

Gunzi halililii punje zake.
Lilizishika kwa safu, likaziachia kwa safu,
sasa linaungoja moto uliosema utakuja.

Shangazi aliacha kusugua. "Moto gani? Wazungu wanapikia magunzi?"

Hilo sikuwahi kujiuliza. Kwenye tasnifu yangu nilikuwa nimeandika kurasa nne kuhusu moto ule. Niliuita kifo, niliuita historia, mahali pamoja niliuita vita. Nikapekua kitabu mbele yake, na kwenye shairi jingine, ambalo nililiruka kwa sababu niliona ni la kawaida mno, nikakuta mama amejaza magunzi kwenye aproni akiyapeleka kwenye jiko la chuma.

"Walipikia magunzi," nikasema.

"Basi ni mtu," shangazi akasema, akaokota gunzi lingine.

Sijui kwa nini kurasa zangu nne hazikuniuma zaidi. Nadhani nilikuwa nacheka mno.

Kuanzia siku hiyo alitaka kujua kila kitu. Habari ya ofisi ya simu ilimpendeza kupita zote. Nilimsomea shairi ambamo mwanamke anaunganisha watu mchana kutwa, waya huu kwenye tundu lile, anasikia daktari anaitwa, ng'ombe anauzwa, mchumba anakataliwa, na saa ya kutoka ikifika yeye mwenyewe hakuna aliyempigia.

"Alisikia umbea wa mji mzima, akakaa kimya?" shangazi aliuliza.

"Ilikuwa sheria ya kazi."

"Mimi ningefukuzwa asubuhi ya kwanza, kabla ya chai."

Shairi la theluji alilikataa. Nilijaribu kumweleza barafu laini inayoanguka kama unga na kufunika paa, barabara na makaburi. Akainua mkono. "Hiyo iache huko huko."

Wimbo aliutunga kwa siku nne, akipika, akifagia, akimfokea mbuzi. Ulipoiva, mstari wangu haukuwa tena wangu:

Gunzi halililii punje, ee,
lilizibeba, likazitua,
sasa laivisha ugali wao.

Nilipinga. Nilimwambia mshairi hakusema kubeba, alisema kushika. Hakutaja ugali. Moto ameuacha wazi kwa makusudi ili msomaji afikiri.

"Msomaji wangu amesimama juani na mtoto mgongoni," shangazi alisema. "Nikimwacha afikiri atahamia kwa fundi cherehani."

"Lakini shangazi, kushika si kubeba."

"Sisi ni wajukuu wa wapagazi. Hapa huwezi kuwaambia watu kitu kimeshikwa halafu kikaachiwa. Watauliza: kilivunjika? Sema kilibebwa kikatuliwa, kila mtu ataona bega lake."

Watu wa pale husema uwanja wa ngoma ulikuwa kambi ya misafara iliyokwenda na kurudi pwani, na kwamba wapagazi walikuwa wakirudi na nyimbo kama walivyorudi na nguo. Niliwahi kumuuliza shangazi ushahidi uko wapi. Alijibu kwamba uwanja ule hauoti nyasi. Nikamwambia hauoti nyasi kwa sababu mnaukanyaga kwa ngoma kila mwaka. "Na unadhani tulianza kuukanyaga lini?" akauliza. Aliondoka kama mtu aliyeshinda kesi.

Lililotukwamisha kweli lilikuwa jambo jingine. Jioni moja aliniuliza, "Huyu mwenzetu yupo?"

"Nadhani amekufa."

"Nadhani?"

Nikamweleza. Kitabu hakikusema. Kwa hesabu ya umri angekuwa amekwisha kufa. Kwenye mtandao niliona orodha ya makaburi ya kanisa moja, na humo jina linalofanana na lake, lakini herufi moja ya kati ilikuwa tofauti. Inaweza kuwa yeye, inaweza kuwa binamu. Siwezi kuapa.

Shangazi alinitazama kama alivyomtazama yule mbuzi. "Mtu hafi kwa nadhani. Kwetu uwanjani wimbo wa marehemu una njia yake. Ngoma zinanyamaza kwanza, unataja alipolala, ndipo unaanza. Sasa nitaje nini? Makaburi ya binamu?"

"Sitaki useme jambo ambalo sina hakika nalo."

"Basi yupo hai," alisema. "Kama huna hakika amekufa, mimi nitamwimba yu hai. Ni heshima pia."

Nilikubali. Nilijiona mwaminifu sana. Nilikuwa nimetetea ukweli dhidi ya shangazi wa watu, na nililala vizuri.

Siku ya ngoma ilianza saa nne asubuhi kwa vumbi. Watu walikuja kwa baiskeli na pikipiki, wengine walishuka kwenye treni. Wanawake walipanga michembe ya viazi, karanga na chupa za asali pembeni. Shangazi alivaa gauni jeupe na njuga miguuni, na kijana mwenye kofia alimbebea kiti, akakiweka karibu mno, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitanda.

Mpaka saa saba watu walikuwa nusu kwa nusu. Shangazi alitumia nyimbo za zamani kuwachosha ng'ambo. Fundi cherehani alijibu kila mmoja, akirefuka zaidi kila alipoinua usinga wake. Saa kumi shangazi alinikonyeza, akaanza wimbo mpya.

Kwanza alimtambulisha mwenye maneno, kama ilivyo desturi. Aliimba kwamba ametumwa na rafiki wa mbali, mwanamke aliyepika kwa magunzi, aliyeunganisha watu wa mji mzima na asiunganishwe. Kisha kiitikio. Wanawake wa upande wetu walikidaka mara ya pili tu, na mara ya nne niliona kitu ambacho sikukitarajia: akina mama wa upande wa pili wanageuza shingo. Mmoja akaja, akifuatwa na watatu, halafu na wengine. Lilizibeba, likazitua. Mzee mmoja karibu yangu alipandisha bega lake moja bila kujijua. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumkumbatia shangazi, na yule mwanamke anayetazama pembeni kwenye picha.

Fundi cherehani naye aliona. Alinyamazisha ngoma zake, akasikiliza ubeti mzima, mkono kiunoni. Kisha akajibu, na alijibu kama sheria ya uwanja inavyomruhusu: ukiletewa mshirika wa mpinzani wako, unamshughulikia mshirika.

Aliimba: Ni mwanamke gani huyo asiyekuja mwenyewe? Ametuma wimbo kama mtu anayetuma salamu msibani, ili asichangie kuni! Ana miguu? Mwambieni aje tuione. Au ameiazima kwa jirani? Mvivu, mvivu, hata mchumba alichoka kumngoja!

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu ile ya salamu za msibani ilikuwa nzuri. Lakini watu walianza kuhama. Walihama kwa makundi, wakipigana mabega, wakirudi kwa fundi kusikia zaidi. Naye aliongeza. Alisema mwanamke huyo anaogopa jua. Alisema anapukuchua mahindi kwa meno. Shangazi aliimba kwa nguvu zote, sauti ikaanza kukwaruza, na jua lilikuwa limekwisha kushuka juu ya ghala. Mbele yetu palibaki watu ambao ungeweza kuwahesabu kwa vidole, wengi wao ndugu. Kijana mwenye kofia alikisogeza kiti.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameushika usinga kwa mikono miwili, kama mtu anayejua atautua wapi.

Sijawahi kueleza vizuri nilichokifanya. Nilivuka zile hatua hamsini mbio, nikaingia katikati ya duara la ng'ambo, mahali ambapo asiye mchezaji haruhusiwi kukanyaga, nikapaza sauti:

"Amekufa!"

Ngoma zilikatika moja baada ya nyingine. "Nani amekufa?" fundi aliuliza, akitazama huku na huku kwa ndugu zake.

"Huyo unayemtukana."

Kwenye uwanja ule unaweza kumtukana mtu yeyote, mwenyekiti, mkwe wako, mtoza ushuru. Marehemu humgusi. Mwenye ruhusa ya kumchezea marehemu ni mtani wake peke yake. Asiye mtani akikosea, anautua usinga chini, na haruhusiwi kuuinua mpaka amtajie marehemu jambo lake jema, jambo la kweli, mbele ya watu.

"Una hakika?" fundi aliniuliza polepole.

Niliwaza ile herufi ya kati. Niliwaza binamu. "Nina hakika," nikasema.

Aliuweka usinga wake vumbini. Watu waliguna. Akanigeukia. "Sasa nitasema jema gani? Simjui! Aliyemleta ni nani?"

"Shangazi yangu."

"Basi nipeleke nikaulize."

Fundi cherehani akavuka uwanja kwa miguu yake mirefu, mikono mitupu. Na kwa kuwa hakuna mtu wa nchi hii anayekubali kukosa jambo kama hilo, umati wote ukamfuata.

Shangazi alinitazama, akamtazama fundi, akautazama umati uliojaa mbele yake, akaketi taratibu kwenye kile kiti cha kijana mwenye kofia. "Msomi wetu," alisema kwa sauti ya msibani, "waeleze watu."

Nikaeleza. Maisha yale niliwahi kuyaeleza mbele ya wahadhiri watatu, mmoja akisoma simu yake. Sasa nilikuwa na uwanja mzima, na maswali yalikuwa bora zaidi.

"Baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Sijui. Ukame uliwamaliza."

"Kama mwaka ule wetu," mtu alisema nyuma.

"Hakuolewa, sawa. Nani alimzika?"

"Sijui."

"Watu aliokuwa anawaunganisha, hawakuja?"

"Sijui, mama."

"Wewe umesoma nini huko chuoni?" aliuliza bibi mmoja, na watu wakacheka, nami nikacheka, maana lilikuwa swali la haki. Nilieleza waya na matundu, saa ya chakula cha mchana, karatasi za mashairi zilizokunjwa kwenye mkoba. Nilieleza mihuri mitatu kwenye kadi. Bibi yule alisonya kwa masikitiko: "Watu watatu tu!"

Fundi alisikiliza huku akikuna kidevu. Alipoinua kichwa niliona amepata njia, kwa sababu alianza kurefuka tena.

"Ndugu zangu," alisema. "Mimi sikumtukana marehemu. Nilimtania."

"Wewe na Mmarekani mna utani gani?" shangazi aliuliza.

"Hamjui? Nani alileta marobota ya mitumba Tabora? Nilikuwa na vyerehani vitatu, nimebaki na kimoja, na hicho kinalala mchana! Watu wote hawa," alipitisha mkono juu ya umati, "wamevaa nguo za ndugu zake huyu mama. Sisi na wale tumekwisha kuumizana, na tumevaliana nguo. Huo kama si utani, ni nini?"

Mtu mmoja alijitazama fulana yake, yenye picha ya timu ya huko, akaanza kucheka mpaka akaketi chini. Kicheko kikaenea. Shangazi alingoja kiishe, kwa subira ya mtu aliyeona mtego umefungwa na asiyetaka kuwashtua walio ndani.

"Haya, ni mtani," alisema. "Tumekubali. Na mtani akichelewa msiba, kazi yake nini?"

"Anafanya kazi ya msiba!" watu walijibu.

"Basi aimbe. Kiitikio. Peke yake kwanza."

Fundi alitazama jua, akatutazama. Alijua. Lakini tayari alikuwa mtani, na mtani hakatai. Akakiimba, na nisiseme uongo: alikiimba vizuri kuliko sisi. Sauti yake nene ililibeba gunzi lile kama mzigo wa kweli, akalitua, na ngoma za pande zote mbili zikaingia bila kuitwa. Njuga zililia. Bibi aliyenihoji aliniangukia begani akanisukuma nicheze, mimi ambaye sijui kucheza, na nikacheza. Punde mtoto mmoja aliyekuwa juu ya mgongo wa baba yake akapiga kelele, kidole kikielekea ghalani. Jua lilikuwa limegusa paa, na ng'ambo hakukuwa na mtu hata mmoja, ila usinga wa fundi peke yake vumbini.

"Nilikuja msibani!" fundi alipiga kelele. "Sikuja kucheza! Msinihesabu!"

"Umehesabiwa," shangazi alisema.

Walibishana nusu saa, kama kawaida. Fundi alidai jua halijagusa, kisha akadai limegusa zamani, wakati watu bado wapo kwake. Mwishoni aliuokota usinga wake, akaukung'uta, akamwambia shangazi kwamba mwakani atamleta Mmarekani wa kwake. Kijana mwenye kofia aliomba maneno ya wimbo ili ayahifadhi kwenye simu. Sijui kama alikata tamaa ya spika. Nadhani aliahirisha tu.

Watu hupenda kusema marehemu angefurahi, na marehemu hajawahi kukanusha. Mimi sijui. Huenda angeuliza ugali ni nini na nani aliwaruhusu. Bado sina hakika na ile herufi ya kati pia. Nilimweleza shangazi hivyo tukirudi nyumbani, nikisukuma baiskeli, usinga ukiwa umelala kwenye kikapu cha mbele.

"Ulisema una hakika mbele ya watu wote," alinikumbusha.

"Nilisema."

"Vizuri." Tulitembea kidogo. Njuga zake, alizokataa kuzivua, zililia kila hatua. "Mwenzetu ana wimbo mwingine?"

"Upo wa theluji."

"Huo nilisema uache."

Tulipita stesheni, tukapita mashamba yaliyovunwa. Tulipofika kwenye njia ya kwake alisimama, akashika usukani wa baiskeli.

"Hebu nieleze tena," alisema. "Inaanguka kama unga. Unga wa mahindi au wa muhogo?"